Urefu wa Mshipi wa Kuvulia Trauti

Enyi wavuvi, leo nataka kusema nanyi habari ya mshipi. Samaki aitwaye trauti aliletwa Kenya mwaka 1905, akatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Mto ule una kasi na mawe mengi. Basi usitoe mshipi mrefu. Kutupa mbali kwapendeza macho ya watazamaji tu. Mkondo huukamata mshipi katikati, ukamburuta yule nzi wa manyoya, na trauti akiona hivyo hukimbia. Tena akiuma, mshipi umelegea, nawe wachelewa kuvuta. Afadhali umwendee polepole kutoka chini ya mto, maana yeye huelekea maji yatokako. Mshipi mara mbili ya urefu wa ufito, au mara tatu, watosha. Penye maji mapana yaliyotulia, hapo ongeza.