Nionyesheni Hesabu

Msikilizaji, kama umewahi kulala dunguni kulinda mpunga, giza la Kilombero unalijua. Msimu uliopita nilikwenda kumsaidia shangazi yangu zamu, ng'ambo ya mto. Usiku kucha tulipiga debe kufukuza viboko. Alfajiri, kabla kwelea hawajaamka, shangazi akanigusa bega, akaninyooshea kidole juu. Nyota zilikuwa zimejipanga mstari, moja nyuma ya nyingine, zinatoka upande wa Udzungwa zinakwenda Mahenge, kimya kimya, kama treni ya TAZARA isiyo na honi.

Nikamweleza. Shangazi, hizo si nyota, ni setilaiti za Starlink, za yule tajiri Elon Musk. Alianza kuzirusha 60 kwa mpigo mwaka 2019, zinashusha intaneti kutoka angani.

Akazitazama mpaka mkia wa mwisho ukapotea. Kisha akasema, "Mbona sisi hapa mpaka tupande kichuguu ndiyo simu ishike?"

Sikuwa na jibu. Nimetembea na swali hilo la kichuguu tangu siku ile, na leo nataka nilitue hapa mezani.

Mwezi Mei 2023, pale Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 ya simu vijijini. Katika hafla hiyohiyo Rais Samia akasema nchi imeanza mchakato wa kurusha setilaiti yake. Mwezi mmoja nyuma yake Kenya ilikuwa imerusha Taifa-1 kwa roketi ya kampuni ileile ya Musk. Basi, kwenye vijiwe vyetu mazungumzo yakawa setilaiti, setilaiti. Mnara wa simu nani aujadili? Mnara ni chuma tu, una jenereta na mlinzi anayelala. Lakini shangazi akishushwa kutoka kwenye kichuguu, atakayemshusha ni mnara.

Sisemi setilaiti ni upuuzi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotuambia mvua kubwa inakuja, na sisi wa Ifakara tunajua Lumemo ikikasirika inaingia mpaka vyumbani, taarifa hiyo imepitia angani. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya ngoma kupigwa kabla mwali hajatoka ndani.

Na bonde hili ngoma hizo limezicheza. Chukua Mngeta. Wakorea wa Kaskazini walilima pale, wakaondoka. Mwaka 2008 ikaingia kampuni ya Agrica ya Uingereza kupitia Kilombero Plantations, hekta zaidi ya 5,000 za mpunga. Mwaka 2010 mpango wa kilimo wa SAGCOT ulipotangazwa Dar es Salaam, mbele ya wakubwa wa Jukwaa la Uchumi Duniani, Mngeta likawa ndilo shamba la kuonyeshea wageni. Wakulima wadogo wa jirani walifundishwa kilimo shadidi: mche mmoja mmoja, kamba yenye vifundo, sentimita 25 kwa 25. Ufundi wenyewe ni mzuri, ulianzia Madagaska kwa padri mmoja Mfaransa, ingawa muulize mgongo wa aliyepandikiza eka nzima. Shida ilikuja na mikopo ya pembejeo. Mwaka 2013 mchele wa nje ukaruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ikaanguka, na deni halikuanguka nayo. Taasisi ya Oakland ya Marekani iliyaandika malalamiko ya wakulima wenye madeni mwaka 2015. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ikashindwa kulipa wadai wake, na Norfund, mfuko wa uwekezaji wa Norway, ukabaki na hasara. Ila hasara ya Norfund inakaa kwenye vitabu kule Oslo. Ya mkulima wa Mngeta inakaa kwenye bati analotaka kuling'oa auze.

Sasa nikupeleke Idete, kijiji chetu, maana hapa ndipo penye jambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dunia ilikuwa inamzungumzia daktari wa Kolombia, Manuel Patarroyo, na chanjo yake ya malaria, SPf66. Ilitengenezwa maabara, molekuli kwa molekuli. Majaribio ya Amerika Kusini yalitia matumaini, na wapo waliokwisha kuona malaria imefika mwisho. Watafiti wa Ifakara na wenzao wa ng'ambo hawakubishana redioni. Walikwenda Idete, wakaandikisha watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano. Wengine walichomwa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, na anayehesabu wagonjwa hakujua nani kapata nini. Mwaka 1994 wakatangaza: malaria imepungua kwa asilimia 31. Si muujiza, lakini si haba.

Angekuwa mfanyabiashara angeishia hapo, angechapa fulana. Wao waliendelea kuhesabu. Gambia ikapima, ikakuta patupu. Thailand vilevile. Kisha watafiti wa Ifakara wakarudi kupima watoto wachanga wa hapahapa kwetu, na mwaka 1999 wakaandika kwamba kinga ilikuwa kama asilimia 2, yaani hakuna kitu. Ifakara ileile iliyolipandisha jina la chanjo ndiyo iliyolishusha. Mimi kitendo hicho nakiheshimu kuliko roketi yoyote.

Na miaka hiyohiyo walikuwa wakihangaika na kitu kisicho na sifa kabisa: chandarua. Kitambaa kilichochovywa dawa, kinauzwa dukani kwa jina la Zuia Mbu, watu wananuna kwamba kina joto. Karani alipita kila nyumba katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba neti yenye dawa iliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Baada ya hapo, mwaka 2004, ndipo taifa likaanza Hati Punguzo ya neti kwa akina mama wajawazito. Hesabu ilitangulia, vigelegele vikafuata.

Nisije nikaonekana mzee wa kupinga kila jipya. Ndege zisizo na rubani za Zipline zilianza kupeleka damu Rwanda mwaka 2016. Watafiti walipopima wakakuta damu inafika mapema na inayoharibika imepungua. Safi. Kwetu ilitangazwa Agosti 2017 kwamba zitahudumia vituo vya afya zaidi ya 1,000, zianzie Dodoma mwaka 2018. Mwaka huo ukapita, Dodoma wakiangalia juu.

Wiki iliyopita nilikuwa ukumbini hapa Ifakara. Kijana wa kampuni moja, sitaitaja, ametuletea programu ya simu yenye akili unde: itasoma picha za setilaiti, itamwambia mkulima siku ya kupanda, kwa shilingi elfu tano kila msimu. Picha za ukutani zilikuwa za mahindi, lakini tuliyavumilia. Mama mmoja wa nyuma, mwana kamlaza pajani, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, waliotumia hiyo wamepata gunia ngapi kwa eka?"

Kijana akatabasamu. "Bado tupo kwenye majaribio, mama. Ninyi ndio wa kwanza!"

"Sasa kama majaribio ni yenu, elfu tano inakuwaje yangu?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Kijana naye alicheka, muungwana yule, akabonyeza picha inayofuata. Ilikuwa dunia nzima, inavyoonekana kutoka angani. Nilitafuta bonde letu. Lilikuwa chini ya wingu.