Pesa za Kikundi na Biashara ya Dola

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo tuongee juu ya kununua na kuuza fedha za kigeni kwa simu, ile biashara vijana wanaita foreksi. Msiseme hayo ni mambo ya Nairobi. Yameshafika kijijini.

Juzi kikundi kimoja kiliniita. Kilikuwa na shilingi 84,000, pesa za karo na mbolea. Kijana wa mama mmoja hapo kikundini, amemaliza chuo na kazi hajapata, aliomba apewe zote. Alitaka foreksi iwe kazi yake, na pesa ya kikundi iwe mtaji. Aliahidi faida ya asilimia 20 kila mwezi.

Tulipiga hesabu ubaoni. Shilingi 84,000 zikikua hivyo, kwa mwaka mmoja zinapita 740,000! Mzee mmoja akauliza, "Kama anaweza hivyo, mbona asianze na elfu moja yake?"

Ndugu zangu, tuangalie biashara yenyewe. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Wengi waliamini itazidi kupanda. Februari serikali ilipata mkopo mpya wa nje, ikaanza kulipa deni kubwa lililokuwa linangoja Juni, na hofu ikapungua. Kufika Aprili dola ilikuwa kama 130. Aliyenunua dola 1,000 kwa 160 akauza kwa 130, alipoteza shilingi 30,000. Na huyo alitumia pesa yake mwenyewe.

Katika foreksi, dalali anakuongezea nguvu ya mkopo. Unaweka 10,000, anakuruhusu kufanya biashara ya 1,000,000. Bei ikisogea upande wako kwa asilimia 1, umepata 10,000. Ikisogea upande mwingine kwa asilimia 1 tu, pesa yako yote imekwisha, pengine kabla chai haijapoa. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walieleza kwamba katika biashara za namna hii, akaunti 74 mpaka 89 kwa kila 100 za watu wa kawaida hupata hasara.

Basi nilimwomba yule kijana atuonyeshe daftari lake la miezi mitatu. Alinyamaza kidogo, halafu akafungua simu. Alikuwa ameshinda mara kumi na moja, kidogo kidogo. Alishindwa mara mbili tu, na hizo mbili zilimeza zote na zaidi. Mama yake alilia. Mimi nilimshukuru kijana, kwa sababu alisema ukweli mbele ya watu.

Kikundi hakikumpa ile pesa. Lakini hakikumfukuza. Kilimpa kazi ya kuandika vitabu vya hesabu, kwa malipo madogo kila mwezi, maana hesabu anaijua.

Vijana, sikatai kazi hii. Anayeitaka ajifunze kama fundi anavyojifunza. Kwanza, fanya mazoezi mwaka mzima kwa akaunti isiyo na pesa halisi, ukiandika kila kitu, hasa hasara. Pili, anza na pesa yako, ile ambayo ikipotea hakuna mtoto atakosa karo. Tatu, tumia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kanuni za 2017 zinataka leseni hiyo, na hata anayesimamia pesa za wengine katika biashara hii anatakiwa awe nayo. Kwa hiyo ukichanga pesa za majirani bila leseni, umevunja sheria hata kama nia yako ni njema.

Na vikundi, mkitaka akiba ikue, ipo sacco iliyosajiliwa, na zipo hati za dhamana za serikali kuanzia shilingi 50,000. Hukua polepole, lakini mtalala usingizi.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Pesa zetu ni za kazi gani, na zinahitajika lini?
2. Zikipotea kesho, nani ataumia kwanza?
3. Kijana wetu asiye na kazi, tunaweza kumsaidia namna gani bila kuhatarisha akiba ya wote?