Madini Mazito katika Udongo wa Mashamba Yetu
(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Tabora)



Misafara ya zamani ilipita hapa Tabora ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapo Wanyamwezi na Wasumbwa walioshika njia ya kusini-magharibi hadi Katanga, kufuata shaba. Kalasa, babaye Msiri wa Bunkeya, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao wa shaba. Huko Katanga viko vilima vitupu katikati ya miombo. Shaba imezidi udongoni, miti haioti. Huota nyasi na mimea michache iliyozoea, ukiwamo mmoja wa ukoo wa kivumbasi. Auonaye mmea huo hutambua kwamba chini yake huenda pana shaba.

Vilima hivyo vinatufundisha mambo mawili. Madini yakizidi, mimea mingi hufa. Lakini upo mmea unaostahimili, ukasitawi bila kuonesha dalili yoyote. Hilo la pili ndilo lililonileta mbele yenu.

Tumbaku ni mmea wa namna hiyo. Hufyonza madini yaitwayo kadimiamu na kuyaweka katika majani, nayo majani yakabaki mapana na ya kupendeza. Alizeti nayo huyakusanya katika mbegu. Kadimiamu hudhuru figo na mifupa ya binadamu. Huko Japani, katika bonde la mto Jinzu, maji ya mgodi yaliyapeleka madini hayo katika mashamba ya mpunga. Watu walikula mchali huo miaka mingi, na serikali ilikiri chanzo cha ugonjwa wao mwaka 1968.

Kwetu, njia mojawapo ya kadimiamu ni mbolea ya fosfati, kidogo kidogo, kila msimu. Kiasi chake hutegemea mwamba ilikochimbwa. Na shamba la tumbaku la mwaka huu ndilo la mahindi na karanga mwaka ujao.

Ndugu wajumbe, ufunguo ni tindikali ya udongo. Udongo wetu wa kichanga una tindikali kwa sehemu kubwa. Tindikali huilegeza kadimiamu, mizizi ikaipata kwa urahisi; tena huilegeza alumini, ambayo hudumaza mizizi ya mahindi. Kwa hiyo nashauri haya:

Kwanza, udongo upimwe kabla ya kuagiza pembejeo. Wataalamu wa utafiti wapo Tumbi, si mbali.

Pili, tutie chokaa kwa kipimo kilichoshauriwa. Ikizidi, mimea hukosa zinki na virutubisho vingine. Majivu ya kuni za mabani nayo hupunguza tindikali, mradi yasitoke palipochomwa betri, mipira au mbao za rangi.

Tatu, samadi na mboji zirudishwe shambani, kwani huyashika madini yasiingie mizizini.

Nne, wenzetu wa Nzega walio karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu wahakikishe kwamba maji yenye zebaki hayafiki katika majaruba ya mpunga.

Tano, tuulize mbolea yetu ina kadimiamu kiasi gani. Tangu Julai 2022, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfati iliyomo katika mbolea zenye alama yake. Mkulima mmoja akiuliza swali hilo dukani atachekwa. Vyama vikiuliza kwa pamoja, kabla ya kutia saini ya ununuzi, muuzaji atatafuta jibu. Ndiyo maana tukaungana.

Chokaa na samadi huusaidia mmea kustahimili, lakini haziyaondoi madini. Madini hayaozi wala hayaungui. Yakiisha kuingia, wajukuu watayakuta. Basi tusiridhike na ukijani wa majani. Katanga nako kuna mimea ya kijani juu ya sumu.