Popoo na Damu Yetu



Katika siku hii ya furaha ya hekalu letu nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nimechagua jambo linalotuunganisha sisi Wagujarati na ndugu zetu wa Pwani: tambuu. Waswahili huita tambuu, popoo, chokaa na tumbaku kwa jina moja, uraibu. Na neno hilo hilo leo ni jina la mazoea yanayomfunga mtu. Lugha imekwisha kutuonya.

Wengi wetu hatuli nyama. Madini ya chuma tunayapata katika dengu, kunde na mboga za majani, na chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Kisha, mara baada ya mlo, tunatafuna popoo. Popoo ina tanini nyingi, ile ile iliyomo katika chai ya rangi. Tanini hukishika chuma tumboni, kikapita bila kufika damuni. Hivyo hata nyumba yenye chakula cha kutosha yaweza kuwa na mama mwenye upungufu wa damu. Akiwa mjamzito, hatari ni ya watu wawili.

Watafunaji wameonekana pia kupungukiwa na foleti, vitamini inayojenga damu. Tena popoo hukaza mashavu polepole, mpaka kinywa kikatae kufunguka. Asiyeweza kula atapata wapi damu?

Wako wasemao kwamba ubaya ni wa tumbaku peke yake. Mwaka 2004, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walichapisha kwamba popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Huko Gujarat kwenyewe, serikali ilipiga marufuku gutka mwaka 2012.

Mtaniuliza: je, popoo si ya puja? Naam, ni ya puja. Lakini madhabahuni huwekwa nzima, wala haichanganywi na tumbaku. Na ibaki hapo kwa heshima yake. Mgeni akimaliza kula, tumpe shamari na iliki. Chakula tukikamulie ndimu, maana vitamini C hukisaidia chuma kuingia mwilini. Anayehisi kinywa kinawaka au kinakaza asingoje, amwone daktari. Na sisi wenye maduka tusimwuzie mtoto uraibu, hata akitumwa na mzazi wake.