Kawa Lililoruka: Habari za Roketi Isiyo na Mabawa



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo ambacho sisi, walimu na wanafunzi wa chuo cha ualimu, tulikiunda kwa karatasi ya manila, chupa ya soda na maji ya kisima. Chombo hicho ni roketi ya mfano, lakini haikufanana na roketi mnazoziona katika picha. Haikuwa na mabawa hata moja, wala haikuwa nyembamba kama mkuki. Umbo lake lilikuwa la kawa, lile kawa la ukili ambalo mama zetu hufunikia chakula.

Huenda mtauliza, kwa nini tukajitaabisha kuunda kitu cha ajabu namna hiyo? Sababu ni hii. Tuliwaambia wanafunzi wetu wachore roketi, nao wote walichora namna moja: ncha kali, mwili mrefu, na mabawa matatu mkiani. Tulipowauliza mabawa yale ni ya kazi gani, walinyamaza, hata mmoja akajibu, “Roketi zote zina mabawa.” Wasikilizaji wetu, jibu la namna hiyo ndilo adui tunayepigana naye kila siku. Vijana hawa, wakiisha kuhitimu, watasimama mbele ya watoto wengi katika shule za mbali. Mtoto atauliza kwa nini, naye mwalimu akijibu kwamba ndivyo ilivyo desturi, basi mlango wa akili ya mtoto yule umefungwa, na pengine hautafunguliwa tena. Kwa hiyo tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya kuunda roketi isiyo na mabawa, tena iende moja kwa moja.

Kwanza yafaa tueleze ni nini kinachoisukuma roketi. Mwaka 1687 mtaalamu Mwingereza, Isaac Newton, alitangaza kanuni ya kwamba kila kani huwa na kani nyingine inayolingana nayo, iliyoelekea upande wa pili. Chupa ikitiwa maji kiasi, kisha ikashindiliwa hewa kwa pampu ya baiskeli, hewa ile huyasukuma maji nje kwa nguvu, na maji nayo huisukuma chupa upande wa pili. Haya ni mepesi kufahamu. Lililo gumu zaidi ni kuifanya chupa iende njia moja badala ya kupinduka pinduka hewani.

Hapa yatupasa kuzijua nukta mbili. Ya kwanza ni nukta ya uzito, nayo ndiyo mahali ambapo chombo husawazika ukikiweka juu ya kidole. Ya pili ni nukta ya upepo, yaani mahali ambapo nguvu yote ya upepo unaokipiga chombo ubavuni huwa kama imekusanyika. Nukta ya uzito ikiwa mbele ya nukta ya upepo, kila chombo kinapotaka kupinda, upepo huukamata mkia na kuurudisha nyuma, hata ncha ikaelekea tena njia yake. Nukta ya upepo ikiwa mbele, upepo uo huo hukipindua chombo. Wawindaji wa zamani walilijua jambo hili kwa mikono yao. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma. Chuma huleta uzito mbele, na manyoya hukamata upepo nyuma. Mabawa ya roketi ni kama manyoya ya mshale. Na kama ni hivyo, kitu cho chote kitakachokamata upepo nyuma chaweza kushika mahali pao, hata mzingo mpana wa kawa.

Basi tulikata kipande cha karatasi kilicho theluthi moja ya duara, ambayo kutoka katikati hata ukingoni ni sentimita 48. Kipande hicho kikikunjwa na kugandishwa hutoa pia yenye kimo cha sentimita 45 na upana wa sentimita 32 chini. Ndani tuliipaka nta ya mshumaa ili isilowe. Kisha tuliingiza chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kinywa kikielekea chini.

Sasa ikawa hesabu, nayo ilitupendeza sana. Nukta ya upepo ya pia iko theluthi mbili za kimo chake kutoka nchani, maana yake sentimita 30. Lakini nukta ya uzito ya pia tupu ya karatasi nayo iko papo hapo, theluthi mbili kutoka nchani! Chupa tupu nayo ilikuwa imekaa katikati ya mahali pale pale. Hivyo nukta mbili zilikuwa zimelaliana, na chombo hakikuwa na mbele wala nyuma mbele ya upepo.

Wanafunzi wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema uzito uongezwe chini, kwa kuwa mtungi na taa na kila kitu kinachosimama imara huwa kizito kitakoni. Kundi la pili lilisema uzito uwekwe nchani, kama chuma cha mshale. Hatukuwaamulia. Tuliwapa kamba ya mita 3, tukawaonyesha jinsi ya kuifunga mahali chombo kinaposawazika, na kukizungusha juu ya kichwa kama kombeo. Walipoongeza uzito chini, pia ilizunguka kitako kikitangulia, huku ikiyumba kama mlevi. Walipouondoa na kuweka gramu 60 za udongo wa mfinyanzi ndani ya ncha, nukta ya uzito ilisogea mbele sentimita 9, na kawa likazunguka ncha ikitangulia, limetulia kabisa. Mashindano yakaisha bila mwalimu kusema neno. Mtungi husimama juu ya ardhi. Roketi husafiri katika upepo. Na kila kimoja kina sheria yake.

Lilibaki jambo moja la hatari. Maji yakiwa ndani ya chupa hukaa chini, karibu na kinywa, nayo ni mazito kuliko karatasi na udongo pamoja. Kwa hiyo wakati wa kuondoka nukta ya uzito huwa imerudi nyuma ya nukta ya upepo, na chombo kikiachwa huru wakati huo hupinduka. Lakini maji hayo humwagika yote kwa muda usiozidi kupepesa jicho, roketi ikiwa imepanda mita moja tu au zaidi kidogo. Dawa yake ni kuiongoza mpaka yaishe. Tulisimika ufito wa chuma ulionyoka, wenye urefu wa mita 2, na ubavuni mwa chupa tukagandisha mrija wa karatasi uliotokeza katika tundu la pia, ili roketi ipande ikiambaa ufito. Juu ya ufito tulichomeka kizibo kidogo kila tulipokuwa tukitengeneza, asije mtu akainama akajichoma jicho; nacho huondolewa wakati wa kurusha tu.

Kwa wale watakaopenda kujaribu, twawasihi wayashike haya. Tumieni chupa ya plastiki ya soda yenye gesi, kwa maana imefanywa kuvumilia msukumo. Msitumie kamwe chupa ya kioo wala kopo la bati. Maji yawe robo hata theluthi ya chupa. Kinywa kizibwe kwa kizibo cha mpira chenye valvu ya baiskeli. Hewa isizidi pauni 40 kwa kila inchi ya mraba. Ncha iwe butu, na watu wote wasimame mbali hatua 20, pampu ikiwa na mpira mrefu. Na mtu asiiendee roketi iliyokwisha jazwa hewa, hata kama yaonekana imekataa kuruka.

Siku ya kurusha, mwanafunzi mmoja alisimama mita 15 kutoka kwenye ufito akiwa na kipimo cha pembe, chenye uzi na jiwe. Kizibo kilitoka kwa kishindo, maji yakatawanyika, na kawa likapanda wima likalipita paa la darasa, kisha likageuka na kushuka ncha chini. Pembe ilikuwa digrii 30. Wanafunzi walichora pembetatu kwa vipimo, wakaongeza kimo cha macho ya mpimaji, wakapata yapata mita 10. Roketi nyembamba yenye mabawa, kwa chupa na hewa ile ile, ingalipanda juu zaidi sana, kwa kuwa mzingo mpana huzuiwa mno na hewa. Kawa lilikwenda chini ya wenzake, lakini lilikwenda sawasawa, na kila mwanafunzi aliweza kusema kwa nini.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni michezo ya watoto tu. Tarehe 16 Machi, mwaka 1926, huko Auburn, Massachusetts, nchi ya Marekani, Profesa Robert Goddard alirusha roketi ya kwanza iliyotumia mafuta ya majimaji, yaani petroli na oksijeni iliyogeuzwa maji. Iliruka muda wa sekunde 2 na nusu, ikafika kimo cha mita 12 na nusu. Mashine yake ilikuwa juu, na matangi yalikuwa chini yake. Wengi hudhani kuwa mashine ikitangulia itakivuta chombo na kukinyosha, kama ng'ombe wavutavyo gari. Lakini ng'ombe hukanyaga ardhi na kuifuata njia; mashine ya roketi imefungwa katika mwili, na mwili ukipinda nayo hupinda pamoja nao. Mwezi wa Mei mwaka uo huo, Goddard alijaribu roketi nyingine yenye mashine chini.

Hata pwani yetu ina ushahidi wake. Tarehe 12 Desemba, mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa roketi ya Scout iliyochukua chombo cha kuchunguza miali ya nyota, kikapewa jina la Uhuru. Sehemu ya nne ya roketi ile, ambayo ilifanya kazi juu kabisa pasipo na upepo, haikuhitaji mabawa, maana bawa lisilo na upepo halina la kushika. Ilizungushwa kama pia ya mtoto, na mzunguko huo ndio ulioinyosha. Hapo twaona tena kwamba wenye maarifa waliangalia kwanza kazi, kisha wakachagua umbo.

Wahenga walisema, “Vyaelea, vimeundwa.” Sisi twaongeza kwamba vyaruka pia, navyo vimeundwa kwa sababu zinazoweza kuulizwa na kujibiwa. Basi, wazazi na walimu wenzetu, mtoto akikuleteeni kitu alichokiunda, chenye umbo ambalo hamjapata kuliona, msimcheke, wala msimwambie kwamba havifanywi hivyo. Mwulizeni uzito uko wapi na upepo utashika wapi. Kisha mpeni kamba akizungushe mwenyewe, apate jibu lake.

Kwaherini.