UDONGO HUTOA USHAHIDI WA MVINYO
(Mazungumzo kwa wakulima wa zabibu)



Leo tuzungumze habari ya jina. Sisi wa Dodoma tunalima zabibu, na mvinyo wake huuzwa kwa jina la Dodoma. Je, mtu akijaza chupa mvinyo wa kwingine, kisha akabandika jina letu, tutamjuaje? Karatasi ya chupa haikatai kuandikwa uongo. Lakini mvinyo wenyewe una ushahidi ndani yake.

Ushahidi huo ni madini. Mzabibu hunywa maji kwa mizizi, na maji hayo yana chumvichumvi za udongo. Udongo nao hutokana na mawe yaliyo chini yake. Mawe yakiwa mbalimbali, madini nayo huwa mbalimbali.

Potasi ndiyo nyingi, kama gramu 1 hivi katika lita 1 ya mvinyo. Mengine, kama rubidiamu na strontiamu, ni kidogo mno. Ulimi hauyatambui, ila mashine za maabara huyapima.

Mwaka 2005 wataalamu wa Afrika Kusini walitoa matokeo ya kazi hiyo. Walipima mvinyo wa aina 40 kutoka sehemu tatu: Stellenbosch, Robertson na Swartland. Kwa kulinganisha madini mengi pamoja, waliweza kuzitenganisha sehemu hizo. Madini ya aina moja hayatoshi. Ni kama kumtambua ng'ombe wako aliyepotea: huangalii rangi tu, unaangalia na pembe, na alama, na mwendo wake.

Lakini tuwe waangalifu. Mkono wa mtu nao huingiza madini. Dawa ya mrututu na chokaa inayopuliziwa mizabibu huweza kuacha shaba. Mbolea huongeza potasi. Hata udongo mfinyanzi unaosafishia mvinyo kiwandani huongeza vitu vyake. Ndiyo maana mtaalamu hutaka kujua shamba limetunzwaje.

Tena, mashine peke yake haiijui Dodoma. Lazima kwanza ipewe mvinyo ambao shamba lake linajulikana, ndipo ilinganishe. Nchi za Ulaya zilianza mwaka 1991 kuweka pamoja vipimo vya mvinyo wa namna hiyo. Wao hupima hasa maji na pombe ya mvinyo, si madini, lakini njia ni ile ile: mjue kwanza wa kweli, ndipo utamkamata wa uongo.

Basi, ndugu, kazi yetu ni ipi? Ni daftari. Hapa kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kila msimu tuandike: shamba lipi, tarehe ya kuvuna, kilo ngapi, mbolea gani, dawa gani. Kusoma na kuandika tumekwisha jifunza. Asiye na kumbukumbu atadai jina lake kwa mdomo mtupu, na mdomo mtupu haushindi kesi.