Tukitengeneza Programu, Nani Ataibadilisha Kesho?

Mada iliyotolewa Nanyala, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, mbele ya wajumbe wa kamati za parokia, wafadhili na vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta na simu.

  

Nimepewa karatasi yenye maswali kumi na moja ambayo vijana wa darasa la kompyuta wamekuwa wakiyauliza. Sitayajibu yote, kwa sababu mengi ni swali moja lililobadilishwa maneno: ruwaza za usanifu wa programu ni kitu gani, na kwa nini nizijue wakati programu yangu inafanya kazi bila hizo? Nilipokuwa naingia hapa mzee mmoja ameniuliza swali hilohilo kwa namna yake. Amesema, "Mwanangu, hiyo programu mkishaitengeneza, ndiyo imekwisha?" Naomba nianze na mzee.

Haijaisha, mzee. Kulijua hilo kulinigharimu, na kulimgharimu zaidi mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Ilionyesha hisa za kila mwanachama, mkopo wake, na faini ya kuchelewesha marejesho. Wanachama walifurahi, nikachinjiwa kuku, nikaondoka. Baada ya miezi michache mkutano wao uliamua kwamba mwanachama aliyefiwa asitozwe faini wala kuitwa mdaiwa kwa mwezi mzima. Ulikuwa uamuzi mzuri, na uliandikwa kwenye muhtasari. Lakini hapakuwa na mahali pa kuiambia programu jambo hilo. Mimi nilikuwa nimeandika hesabu ya faini sehemu tatu: kwenye ukurasa wa mkopo, kwenye ripoti ya mwezi, na kwenye orodha ya wadaiwa. Katibu alinipigia simu, nikarekebisha sehemu mbili, ya tatu nikaisahau. Mwisho wa mwezi orodha ya wadaiwa ikachapwa na kusomwa mbele ya wote. Jina la kwanza lilikuwa la mama aliyemzika mumewe wiki tatu kabla. Alinyanyuka, akachukua kanga yake, akatoka. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilifanya sawasawa na nilivyoiandika.

Sasa nije kwenye ruwaza. Wazo hili lilianza kwa wasanifu wa majengo kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mwaka 1977 msanifu majengo Christopher Alexander, mzaliwa wa Vienna aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu pamoja na wenzake chenye ruwaza 253 za kujenga miji, nyumba na vyumba. Kila ruwaza inataja tatizo linalojirudia, kisha inaeleza kiini cha jibu ambalo watu wamekwisha kulijaribu. Fundi wa hapa kwetu anaujua utaratibu huo bila kusoma kitabu. Anajua kwa nini nyumba inawekewa baraza: mgeni apate pa kuketi kabla hajakaribishwa ndani. Baraza la Nanyala halifanani na la Zanzibar, lakini kazi yake ni hiyohiyo.

Mwaka 1994 waandishi wanne, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, walifanya vivyo hivyo kwa upande wa programu. Walikusanya ruwaza 23. Vijana, naomba mnisikilize hapa: hizo 23 si amri. Nimewahi kuona programu ndogo ya mahudhurio ya kwaya ambayo kijana aliipachika ruwaza tisa ili kuonyesha kwamba amesoma. Ni kama kulijengea banda la kuku ghorofa na roshani. Kwa kazi nyingi za parokia na vikundi, nne au tano zinatosha, na nyingine utazikumbuka siku utakapokutana na tatizo lake.

Ruwaza ambayo ingemwepusha yule mama na aibu huitwa Mkakati. Maana yake ni kwamba kanuni inayoweza kubadilika, kama ile ya faini, inakaa peke yake mahali pamoja, na kurasa nyingine zote zinakwenda kuiuliza. Kanuni ikibadilika, unagusa mahali pamoja tu. Kuna nyingine vijana wanaipenda sana, Singletoni, yaani kitu kiwepo kimoja tu katika programu nzima, kama kitabu kimoja cha risiti ofisini. Wanaipenda kwa sababu ni rahisi. Taabu yake inakuja pale kila sehemu ya programu inapokishika kitu hicho, na kosa likitokea hujui nani alikishika mwisho. Wahazini mnanielewa.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mtu anayetaka kuandika programu ni hili: hapa kwetu, kitu gani hubadilika? Tazameni eneo letu lenyewe. Mwaka 2012 wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukazaliwa kutoka Mbeya. Aliyeandika neno "Mbeya" ndani ya programu yake badala ya kuliweka kwenye orodha inayoweza kurekebishwa, alipata kazi ya kulitafuta kila ukurasa. Wafanyabiashara wa Tunduma wanakumbuka Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu kwenye kwacha, elfu moja ya zamani ikawa moja mpya. Programu ya dukani iliyokuwa imeandikiwa kiwango cha kubadilisha fedha ndani yake haikuweza kujua.

Tazameni pia simu. Kampuni iliyoitwa Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008. Tigo nayo ilibadilika kuwa Yas mwaka 2024, na Tigo Pesa ikapata jina jipya la Mixx. Parokia ikipokea michango kwa simu, kila mtandao unaleta taarifa ya malipo kwa mpangilio wake. Hapo inahitajika ruwaza inayoitwa Adapta, na jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kununua redio yenye plagi isiyoingia ukutani. Hubomoi ukuta na hukati waya wa redio, unaweka kitu katikati. Katika programu, kila mtandao unapewa adapta yake, na daftari la michango linabaki vilevile. Mtandao ukibadilisha mpangilio wake, unaibadilisha adapta moja na mhazini hasumbuliwi.

Sasa niwape mfano mkubwa zaidi, wa majirani zetu, kwa sababu wafadhili wameniuliza kama mambo haya yana faida inayoonekana.

Magharibi mwa Kenya, si mbali na Eldoret, kuna kituo cha afya cha Mosoriot. Mwezi Februari 2001 kilianza kutumia kompyuta kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Watafiti walipima muda kabla na baada. Mgonjwa alimaliza shughuli zake kituoni kwa muda pungufu kwa asilimia 22. Waliandika pia bila kuficha kwamba wafanyakazi walipata muda zaidi wa mambo yao binafsi. Nimewapenda kwa ukweli huo.

Programu ile ya kwanza ilikuwa ya kawaida, na mfumo uliotokana nayo ukaanza kutumika kwa wagonjwa wa UKIMWI katika mpango wa AMPATH ulioanza Eldoret mwaka huohuo. Hapo ndipo mambo yalipozidi kimo. Wagonjwa waliongezeka sana, dawa mpya zikaja, fomu zikabadilika. Mwaka 2004 madaktari wawili wenye ujuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret. Badala ya kuendelea kutia viraka, waliamua kusanifu upya. Kazi hiyo ndiyo OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwanda na Afrika Kusini. Ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuichukua, kuisoma na kuirekebisha.

Siri yake ni nini? Fikirini daftari lililopigwa mistari kwa rula: safu ya jina, safu ya uzito, safu ya joto la mwili. Daktari akitaka kuongeza swali la kikohozi, safu zimejaa, inabidi daftari jipya. Kwenye kompyuta, "daftari jipya" maana yake ni kumwita mtaalamu, kumlipa na kumsubiri. Waanzilishi wa OpenMRS waliweka kwanza kamusi ya dhana. Kila swali linaloweza kuulizwa ni neno ndani ya kamusi hiyo. Kisha kila jibu ni mstari mmoja: mgonjwa fulani, dhana fulani, jibu fulani, siku fulani. Swali jipya likija, anayesimamia kumbukumbu anaongeza neno kwenye kamusi, na kazi inaendelea mchana uleule. Anayehitaji kitu cha pekee anaongeza moduli pembeni bila kuvunja ukuta wa katikati.

Kuna gharama, na vijana wasije wakadhani nimeficha. Majibu yakiwa mistari mingi iliyotawanyika, kutoa ripoti ya mwezi kunakuwa kazi ngumu na ya polepole, mpaka uyapange tena kwenye majedwali ya kawaida kwa ajili ya ripoti. Kikundi cha watu thelathini hakihitaji kamusi ya dhana. Daftari la safu kinalitosha. Ruwaza inachaguliwa kwa mabadiliko unayoyatarajia.

Niligusie na swali la programu za simu, maana limeandikwa mara nne kwenye karatasi. "Je, tutengeneze ya kwetu?" Mara nyingi jibu langu ni hapana. Kwa kazi ya kwenda kigango kwa kigango kuandikisha watoto wanaohitaji ada au kaya zenye wazee, kuna programu huria ya ODK, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Maswali unayaandika kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, simu inayapokea, na unajaza hata mahali pasipo na mtandao. Ukifika penye mtandao, inatuma. Kuhifadhi kwanza simuni na kutuma baadaye nako ni ruwaza, na anayeanza kuandika programu yake mwenyewe bila hiyo atalia siku ya kwanza atakapopanda mlima.

Kamati zikumbuke pia kwamba orodha ya watoto na ya wagonjwa si karatasi ya kubandikwa ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla ya kukusanya majina, muulize sheria inawataka mfanye nini.

Kijana mmoja ameandika kwamba siku hizi akili mnemba inaandika programu kwa dakika chache, basi kwa nini ajifunze. Ni kweli inaandika, na mimi naitumia. Nayo ikiandika hesabu ya faini mahali patatu, ni lazima awepo mtu wa kuliona hilo kabla orodha haijachapwa.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Andiko la mradi likija mezani kwenu lenye kompyuta sita, programu moja na mafunzo ya siku tano, tafuteni ndani yake fedha ya mwaka wa pili na wa tatu, ya mtu wa kuibadilisha hiyo programu. Kama haipo, ulizeni. Ulizeni pia programu ni ya nani, na maandishi yake yanatunzwa wapi mtengenezaji akihamia Dar es Salaam. Kamati nazo zisione haya kujibu kwamba bado hazijui. Ni afadhali kuchelewa kupata fedha miezi miwili kuliko kubaki na kompyuta iliyofunikwa kitambaa.

Swali la mwisho kwenye karatasi limeandikwa kwa penseli: "Nianzie wapi?" Namjibu mwenyewe, naye yupo hapa. Usianze na kompyuta. Mwombe mhazini daftari lake la mwaka jana, ukae nalo, utafute kila mahali palipofutwa, palipokatwa kwa kalamu nyekundu, na palipoandikwa maneno pembeni kwa sababu safu haikutosha. Yanakili yote. Hapo ndipo programu yako itakapotakiwa kupinda. Mhazini amekubali, kwa sharti kwamba daftari lisomwe ofisini na lisitoke nje. Jumamosi saa tatu asubuhi ofisi itakuwa wazi.